Tiki Moja

Kila jioni Caren alipotoka shuleni, kitu cha kwanza alichosikia akikaribia kwao Kaloleni kilikuwa mngurumo wa cherehani ya mama yake. Mama Dorca alishonea barazani, tepu ya kupimia ikiwa shingoni na pini zimechomekwa kwenye ukosi wa blauzi. Caren alivua sare ya shule, akaosha vyombo, akafanya kazi za ziada, kisha akangoja kwa hamu saa ya kupewa simu.

Simu ile ilikuwa nusu ya kazi ya Mama. Yeye alishona zaidi nguo za mazishi. Siku hizi, kwa familia nyingi za upande wa ziwa, mtu mzima akifariki, wakaza wana na wajukuu huvaa kitambaa kimoja siku ya kumzika. Lakini familia zenyewe zimetawanyika. Huyu yuko Nairobi, yule yuko Kisii, mwingine ameolewa mbali kabisa. Kwa hiyo kitambaa huletwa kwa fundi na mtu mmoja, halafu vipimo na picha za mishono vinatumwa kwa WhatsApp. Bila simu, Mama angebaki na gora la kitambaa bila kujua pa kuingiza mkasi.

Caren alikuwa gredi ya saba, na nyumbani walimwita fundi wa simu. Ndiye aliyemwekea Mama picha ya cherehani kwenye kioo, ndiye aliyemwonyesha namna ya kutuma sauti. Yeye mwenyewe alipenda video za kusuka nywele. Angetazama mkono wa msusi mpaka shingo imuume.

Shida ilikuwa bando la intaneti. Mama alinunua asubuhi, na kabla ya jua kutua likawa limekwisha.

"Nani amekula bando langu?" Mama alilalamika kila siku.

"Si mimi, Mama. Ni zile video za kwaya," Caren alijibu, na hakusema uongo, ingawa hakusema ukweli wote. Kikundi cha kwaya kilituma video, cha ukoo kilituma video, na cha kanisa ndicho kilichovipita vyote kwa mahubiri marefu.

Jumapili baada ya ibada alimweleza rafiki yake Naswa kilio chake.

"Wewe nawe!" Naswa akacheka. "Ingia kwa mipangilio ya simu. Kila app iko na swichi yake ya data. Zile zinakula bure, zima. Zitabaki zimelala tu."

Jioni ile Caren alikaa kwenye kona ya kitanda akazima moja baada ya nyingine. Mchezo wa mpira, kwisha. Programu ya habari, kwisha. Alipofika kwenye WhatsApp kidole kilisita kidogo. Alijua kwamba ndiyo ya kazi. Lakini pia ndiyo iliyoleta video za kwaya, na alikuwa na hamu ya kuona msuko mpya. Akajiambia atazima kwa muda tu, amalize video mbili, kisha awashe. Video mbili zikazaa tano, akaitwa kula ugali, na jambo lile likamtoka akilini kabisa.

Asubuhi Mama alishangilia. "Leo bando limelala nyumbani! Mungu ni mwema." Caren naye akachekelea, akaenda shule.

Kufikia jioni shangwe ilikuwa imekwisha. Simu ilikuwa imenyamaza kutwa nzima. Hakuna salamu ya kwaya, hakuna mteja, hakuna chochote. Mama aliizima na kuiwasha. Aliinyanyua juu kuelekea dari, akatoka nayo mpaka kwenye lango, akarudi. Alinunua bando jingine juu ya lile lililokuwepo, na bado kimya.

"Simu gani hii?" alifoka. "Inataka nini tena? Nimeilisha, nimeiogesha moto wa chaja, bado inaninunia!"

Hasira yake ilikuwa na sababu. Wiki iliyotangulia, Mama Oluoch, mkaza mwana mkubwa wa boma moja kule Nyakach, alikuwa ameleta gora zima la kitambaa cha zambarau. Mama mkwe wake angezikwa Jumamosi. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote ambazo Mama Dorca alikuwa amepata mwaka huo, na boma lile lilijulikana. Akiifanya vizuri, wengine wangekuja. Mama Oluoch alikuwa bado anakusanya vipimo kutoka kwa jamaa, na alisema angevituma vyote pamoja vikikamilika.

Jumanne Mama alimngoja Caren atoke shuleni, wakaenda wote kwa Muturi, fundi wa simu pale Kondele. Kibanda chake kilikuwa kidogo, na foleni ilifika barabarani. Muturi aliichukua simu, akaiunganisha na Wi-Fi yake, na papo hapo ikaanza kulia bila kukoma. Ujumbe wa kwaya, wa ukoo, wa kanisa, wote ukamiminika. Wa Mama Oluoch haukuwemo kwa sababu alikuwa hajautuma bado.

"Mama, simu yako haina ugonjwa," Muturi alisema.

"Haina ugonjwa aje? Nyumbani imekufa kabisa!"

Muturi akakuna kichwa. "Hapa iko kwa Wi-Fi. Nyumbani unatumia bando. Inawezekana app imezuiwa kutumia data. Kuna mtu ameingia kwa mipangilio?"

Caren aliiona ile swichi wazi mbele ya macho yake, na kidole chake juu yake. Mama aligeuka kumtazama.

"Caren, umegusa?"

Foleni yote ilikuwa inasikiliza. Mama alikuwa amekasirika tangu jana. Caren akatikisa kichwa. "Sijagusa, Mama."

"Hebu niangalie tu," Muturi akasema, akinyoosha mkono.

Mama akamkatiza. "Mtoto wangu akisema hajagusa, hajagusa. Huyu hanidanganyi. Fundi mzima unashindwa na kazi, unaanza kusingizia watoto?"

Muturi hakutaka ugomvi mbele ya wateja. Akarudisha simu na kusema labda ni mtandao wa kule Kaloleni.

Njiani kurudi, Caren alitembea nyuma ya Mama akijipa moyo. Angefika nyumbani, achukue simu, abonyeze swichi mara moja, na mambo yaishe bila mtu kujua. Lakini Mama alikuwa na mpango wake.

"Kuanzia leo hakuna mtu wa kugusa hii simu," alitangaza, akaitumbukiza kwenye mfuko wa aproni. "Hata wewe, nyathina, mwanangu. Isije ikaharibika zaidi."

Basi simu ikaishi kwenye aproni. Mama alishona nayo, alipika nayo, alilala nayo chini ya mto. Caren alijitolea kuichaji, akaambiwa asante, hapana. Alijitolea kuangalia saa, akaelekezwa kwenye saa ya ukutani. Alikereka mpaka akataka kulia. Kitu kidogo hivyo, kubonyeza tu, na hakuweza kukifikia! Alijikasirikia mwenyewe, akamkasirikia Naswa, akaikasirikia hata aproni. Njia moja tu ndiyo aliyoiona wazi, ya kusema ukweli, nayo hakuitaka.

Jumatano Caren alirudi shuleni akamkuta Mama ameweka simu sikioni. Kupiga na kupigiwa hakukuwa na shida. Sauti ya Mama Oluoch ilisikika hadi mlangoni.

"Nilituma vipimo tangu jana usiku! Tiki ni moja tu! Ya kijivu!"

"Dada, havijafika. Simu inanisumbua. Nisomee basi niandike."

"Nikusomee wapi na hizi spika za matanga? Na zile picha za mishono nitazisoma aje?"

"Basi tuma kwa simu ya jirani yangu."

"Viuno vya wakaza wana wote wa hili boma vipitie kwa jirani? Wuololo! Dorca, nikikupigia unashika. Nikituma, tiki moja. Sema ukweli. Umeniblock?"

"Nikublock kwa nini?" Mama alijibu.

Simu ikakatwa. Mama akaondoka mbio kurudi kwa Muturi, akakuta kibanda kimefungwa. Muturi alikuwa amesafiri kununua vipuri. Mama alirudi amechoka, akakaa mbele ya cherehani na kushika tama. Gora la zambarau lilikuwa mezani, halijakatwa hata kipande. Caren alisimama mlangoni na maneno mdomoni. Akaenda kuosha sufuria ambazo zilikuwa safi.

Alhamisi alipofika nyumbani hakusikia cherehani. Barazani alikuwa amesimama mwanamke mnene aliyefunga kitambaa cheusi kichwani, macho yamevimba kwa kulia na kukosa usingizi. Alikuwa anakunja gora la zambarau.

"Sikuja kugombana," Mama Oluoch alisema. "Nina maiti, sina nguvu za kugombana. Nachukua kitambaa changu. Kama ulipata kazi kubwa kuliko ya mama yetu, ungeniambia mapema."

"Dada, naapa sijakublock! Nilienda mpaka kwa fundi. Hata huyu mtoto wangu, ndiye anayeijua hii simu, muulize. Caren, mwambie simu imeharibika yenyewe."

Wote wawili wakamgeukia. Caren alimtazama mama yake. Hakuwa amewahi kumwona akimsihi mtu hivyo, na sasa alikuwa anamtaka yeye awe shahidi. Machozi yalianza kabla ya maneno.

"Haijaharibika, Mama. Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Nilizima data ya WhatsApp Jumapili. Ili bando lisiishe, nitazame video zangu. Nikasahau. Halafu kwa Muturi nikakumbuka, nikaogopa."

Mama alitia mkono kwenye aproni, akamkabidhi simu. Mipangilio. Programu. WhatsApp. Ruhusu data. Akabonyeza.

Kwa muda hakukutokea kitu. Kisha simu ikalia mara moja, ikalia tena, ikawa inalia mfululizo mkononi mwake. Mama Oluoch naye alitoa simu yake mkobani, akaitazama sana.

"Tiki mbili," alisema polepole. "Zote."

Vipimo vilikuwa pale, na picha za mishono, na mwisho kabisa sauti yake mwenyewe aliyoituma Jumatano akiomba, "Dorca, tafadhali, usiniaibishe mbele ya boma." Ilianza kucheza Caren alipoigusa kwa bahati mbaya, na wote watatu wakaisikiliza mpaka mwisho.

Mama Oluoch akajifuta macho. "Nisamehe, Dorca. Nilikuwaza vibaya. Lakini nguo za akina mama nimeshamwahidi fundi mwingine Kondele. Wasichana wake wamekaa kwa mashine wakiningoja, na kesho ndiyo siku ya mwisho. Siwezi kurudi nyuma." Alipima kwa macho, akakunjua gora, akaomba mkasi, akakata kipande. "Shona za wajukuu. Hizo ni ndogo, utamaliza."

"Erokamano," Mama alishukuru. Alimsindikiza hadi langoni, akarudi, akaketi. Sehemu kubwa ya kazi ile, ambayo aliitegemea, ilikuwa imeondoka begani mwa Mama Oluoch kwenda kwa fundi mwingine.

Caren alingoja agombezwe. Aliona afadhali kugombezwa. Badala yake Mama alitafuta namba ya Muturi, akapiga, akamshikisha simu.

"Mwambie."

"Fundi Muturi," Caren alianza. "Ni Caren, mtoto wa Mama Dorca wa Kaloleni. Ile siku ulisema ukweli. Ni mimi niligusa. Nilidanganya, na Mama akakukosea watu wakisikia. Nisamehe."

Muturi akamjibu. "Sawa, Caren. Nimesikia. Sema pole kwa Mama pia. Yeye ndiye aliumia, si mimi."

Simu ilipokatika, Mama alichukua kitambaa cha wajukuu, akakitandaza mezani, akaanza kuchora kwa chaki. Alisema bila kuinua macho.

"Kuzima ile swichi ni makosa ya mtoto. Ungeniambia Jumatatu, ningekugombeza, tungewasha, tungekula chakula. Ungeniambia Jumanne pale kwa Muturi, ningeona aibu kidogo, na leo hii kitambaa chote kingekuwa hapa. Si data iliyoondoka na kazi yetu, Caren. Ni kule kunyamaza."

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe. Kesho ukitoka shule utakaa hapa ushone vifungo vyote mpaka viishe. Na ukitaka kuzima kitu chochote kwenye simu yangu, utaniuliza kwanza kinafanya kazi gani." Akaweka chaki chini, sasa akimtazama usoni. "Swichi umeirudisha kwa kidole kimoja. Lakini mimi nilisimama mbele ya watu nikasema mtoto wangu hanidanganyi. Hilo nalo utalirudisha, ila si kwa kidole, na si kwa siku moja. Haya, nisomee vipimo vya yule mdogo kabisa."

Caren akajifuta machozi kwa kiganja, akafungua ujumbe wa vipimo, akaanza kusoma.