Majasi Katika Tangi la Samaki

Jumanne ya kwanza ya Februari, mwaka wa 1967, baada ya sala ya alasiri, Bi Umulkheir alifungua kasha lake katika chumba cha ndani, nyumbani kwao Mkomani, mjini Lamu, akakuta kitambaa cha hariri kimekunjwa vizuri na ndani yake hamna kitu. Majasi ya dhahabu, yale mapambo mazito ya masikio aliyoachiwa na marehemu mamake, yalikuwa yametoweka. Asubuhi alikuwa ameyatoa, ameyapangusa, ameyarudisha. Kufuli la kasha halikuvunjwa.

Kaka yake, Bwana Jeilani, alimtuma mtu kituoni mara moja. Kabla ya magharibi Inspekta Douglas alikuwa ameketi kwenye daka, baraza la mlangoni mwa nyumba, akinywa kahawa, na Koplo Ndirangu amesimama nyuma yake, kofia mkononi. Ndipo tulipofika katika mwaka wa nne wa uhuru: mwenye nyumba ya ghorofa akipotelewa na kitu, inspekta huja kwa miguu yake. Watu wa kijiji cha Shela walipoibiwa nyavu mwaka uliotangulia waliambiwa warudi wiki ijayo, na hiyo wiki ijayo bado haijafika.

Ndirangu alitoka Murang'a. Alikuwa Lamu mwaka wa pili na bado alipotea vichochoroni, lakini alikuwa na tabia ya kutazama kitu mpaka kimchoke. Alikitazama chumba. Mlango mmoja, funguo mbili: moja ya Bi Umulkheir, moja ya kaka yake. Kasha liliwekwa ukutani, na funguo yake ikaning'inia msumarini, kwa kuwa hakuna mgeni aliyeingia humo. Penye dirisha palikuwa na tangi la kioo lenye fremu ya chuma, lililoachwa na daktari wa Kizungu bendera yake iliposhuka. Ndani mlikuwa na maji ya bahari, mchanga wa kina cha shubiri moja, na samaki wawili warefu kama kidole, jike na dume, wenye vichwa vikubwa na taya pana. Kila mmoja alikuwa na shimo lake mchangani, amesimama wima mlangoni, akichungulia kama jirani mwenye udaku.

Waliohojiwa walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa Yunusi, fundi aliyekuwa akibadilisha boriti za dari. Huyo alishikwa Jumanne usiku aliporudi mjini na kuachiliwa kesho yake, maana siku ya wizi alikuwa kisiwani Pate, na abiria wa boti nzima walimwona akishuka Mtangawanda na msumeno wake begani. Wa pili alikuwa Barka wa Shela, aliyeleta madebe ya maji ya bahari kila bahari inapojaa, akasafisha tangi na kuwalisha samaki. Alikuwa ameingia chumbani Jumanne adhuhuri. Akakamatwa Jumatano asubuhi.

Hakuna aliyemuuliza mwenye nyumba alikuwa wapi.

Katika selo, Barka alijibu kila swali kwa utulivu wa mtu aliyezoea kushukiwa. Alisema aliingia, akamwaga maji, akatoka, na Bi Umulkheir alikuwa barazani akimsikia muda wote. Ndirangu alitaka kujua kama ana ugomvi na yeyote.

"Ugomvi nitautolea wapi, afande? Mimi na mamangu twakaa juu ya ardhi yao."

Ndipo akaeleza. Bibi yake Barka alikuwa mtumwa wa nyumba ile. Siku alipoachwa huru, babake Jeilani alisimama msikitini Shela mbele ya watu akasema kwamba kiwanja kile cha ufukweni ni cha huyo bibi na kizazi chake, maadamu hawataihini, hawataisaliti, nyumba ya bwana wao. Hapakuandikwa kitu. Watu waliosikia walikuwa wamebaki wachache, lakini mui mzima, Lamu na Shela, uliyajua maneno hayo.

"Na mtu wa kizazi hicho akifungwa kwa wizi wa nyumba hiyo?"

Barka alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama bahari ina chumvi. "Mamangu ataondoka na mkeka wake."

Ijumaa, saa tano asubuhi, Bwana Jeilani alikuja kituoni amevaa tayari kwa sala. Aliuliza kwa upole kama maafisa wamewahi kupekua pale mahali Barka anaposhinda akitia mikono kila siku. Inspekta Douglas akapiga paja lake. Walikwenda wote. Douglas alikunja shati mpaka begani, akazamisha mkono tangini, akachimba mpaka chini kwenye kioo, na akatoka na majasi mawili yanayomeremeta. Kesi imekwisha, akasema. Mwizi aliyaficha Jumanne, akingoja mambo yatulie.

Jumamosi Ndirangu alitumwa kuchukua maelezo ya Bi Umulkheir. Alidhani atamkuta amefurahi. Alimkuta amefura.

"Bwana Koplo, mkubwa wako ametia mkono mle kama mtu atafutaye sabuni kwenye karai."

Ndirangu aliomba radhi kwa niaba ya serikali. Bi Umulkheir alisema serikali haimdai kitu, ila imewatesa samaki waliokwisha teseka, maana dume alikuwa amepoteza mayai yake usiku wa kabla.

"Dume?"

"Dume. Jike hutaga, dume akayatia mdomoni, akakaa nayo siku nyingi bila kula. Si wote kama nyinyi."

Ndirangu alicheka. Kisha akaacha kucheka, akavuta kigoda. Alimwomba asimulie polepole, tangu Alhamisi. Naye akasimulia kwamba Alhamisi magharibi alimwona dume mdomo umejaa kama mtu aliyetia tambuu, mayai yakionekana meupe. Halafu akaenda harusini Langoni, akalala huko na wanawake wenzake. Aliporudi Ijumaa alfajiri, dume mdomo mtupu, na mashimo yote mawili yamebomoka.

"Kabla ya inspekta kuja?"

"Kabla hata yua halijatoka. Wakishtuliwa sana hutema. Kukipita kivuli tu hujificha. Kwa mayai kutemwa, pana mkono ulioingia mle."

Jambo moja halikumkalia sawa Ndirangu, akalisema: labda mkono uliingia Jumanne, na mayai yakapotea Alhamisi kwa sababu nyingine. Bi Umulkheir alimwomba kifungo. Koplo akakata kimoja cha shaba kwenye mfuko wa shati lake, akijua atakatwa mshahara, na Bi Umulkheir akakizika pembeni mwa tangi mpaka kifundo cha mkono kikazama mchangani.

Jumapili asubuhi kifungo kilikuwa mlangoni mwa shimo la dume, kimepangwa kati ya makombe na vijiwe. Jike alikuwa anajaribu kukiiba akipeleke kwake.

"Hawa wawili hawakiachi kitu chini," Bi Umulkheir alisema. "Hufukua mchanga wote kwa midomo, wakipata kigumu hujengea mlango. Pini zangu Barka alikuwa akinitolea mle kila mara."

"Kwa hiyo majasi yangewekwa Jumanne..."

"Jumatano ningeyaona nikiwa nimekaa hapa hapa."

Ndirangu alihesabu kwa sauti ndogo. Majasi yalitiwa mchangani baada ya magharibi ya Alhamisi na kabla ya alfajiri ya Ijumaa. Barka alikuwa selo tangu Jumatano. Yunusi hakurudi kazini tangu aachiliwe. Mlango ulifungwa.

"Funguo yako ilikuwa wapi usiku ule, Bi Umulkheir?"

"Nalitembea nayo."

Bi Umulkheir aliangalia mikono yake. Kisha akasema kwamba Ijumaa asubuhi kulikuwa na kanzu katika tenga la nguo chafu, na mkono wake wa kulia ulikuwa umekauka kwa chumvi mpaka kwenye kiwiko, na chembe za mchanga katika mshono.

"Utayasema haya mbele ya hakimu?"

"Habari za samaki nimekwambia. Habari za kanzu sikukwambia. Nimekaa nyumba hii tangu niwe mjane, Koplo. Nitakula kwa nani?"

Hakuwa mwoga, na mtu asimwite hivyo. Wako wanaume wenye ndevu na vyeo, walioapa kwa Biblia na Kurani kuulinda umma, ambao hawakusema hata habari za samaki.

Jumapili hiyo hiyo Ndirangu alimweleza Inspekta Douglas kila kitu, akakiweka kifungo mezani. Douglas alikitazama kifungo, akamtazama Ndirangu. Akauliza kama anatakiwa amwandikie mkuu wa polisi wa mkoa kwamba shahidi wa serikali ni samaki mwenye mimba ya mdomoni. Alisema Bwana Jeilani ni mtu anayekula meza moja na wakubwa, na kesho kuna kazi Shela: koplo aende saa nne kulinda amani. Amani gani, hakusema.

Jumatatu, saa mbili na nusu, Ndirangu alipita kwanza Mkomani. Bwana Jeilani alimkaribisha dakani, akamjazia kikombe cha kahawa kwa mkono wake. Ndirangu hakukigusa. Alianza na mayai, akaja kwenye kifungo, akamalizia na funguo mbili. Kanzu hakuitaja.

Jeilani alisikiliza mpaka mwisho, kama mtu anayesikiliza mahesabu ya mwenzake na kuyaona ni sahihi.

"Umefanya kazi nzuri. Laiti tungekuwa na watu kama wewe wengi katika nti hii."

"Uliyatoa mwenyewe Jumanne."

"Niliyatoa. Kwangu, kwa nduyangu. Nimeiba nini?"

"Na Alhamisi ukayazika."

"Mlikuwa mwachelewa. Mmempekua nyumbani kwake hamkupata kitu, mkubwa wako akaanza kusema atamwachilia." Akanywa kahawa. "Babangu alitoa kiwanja kwa ulimi. Yeye akapata sifa msikitini, mimi nikaachiwa ufukwe mzuri kuliko wote Shela, nisioweza kuugusa. Watu wa hoteli za Ras Kitau, kule Manda, wataka kujenga ng'ambo hii. Kumtoa Barka kwa nguvu singeweza, mui wote ungenitemea mate. Lakini mwizi ni mwizi. Sharti lake alilivunja mwenyewe."

"Hakulivunja. Nitasimama mahakamani niseme."

"Mahakama imekwisha, Koplo. Saa mbili kamili. Amekiri."

Ndirangu alikisukuma kando kikombe chake kilichojaa. Aliuliza nani alimwona Barka jana. Jeilani alisema alimpelekea chakula selo, kama inavyompasa mtu kwa mtu wa nyumba yake. Alimwambia kwamba akibisha atafungwa na mamake atatolewa vilevile, ila akikiri, mamake ataachwa akae palepale mpaka Mungu amchukue.

"Na ataachwa?"

Jeilani aliweka kikombe chini taratibu. "Ahadi ya babangu ilikuwa na mashahidi. Ya kwangu, muulize Barka ni nani mwingine aliyeisikia."

Ndirangu alisimama. Alitafuta neno la kumwambia, katika Kiswahili, katika Kikuyu, katika kile Kiingereza cha depo ya polisi. Yote yalikuwa maneno ya mtu aliyetumwa. Akavaa kofia yake akatoka.

Alitembea ufukweni mpaka Shela. Alipofika kiwanjani, ngazi ilikuwa imeegemezwa ukutani na wanaume wawili walikuwa juu wakikata kamba za makuti. Vyombo vilikuwa nje: sufuria, mtungi, kitanda cha kamba, mkeka. Watu wa kijiji walikuwa wamesimama mbali kidogo, maana walikuwa wamekwisha ambiwa kwamba mtoto wa humu amekiri kwa kinywa chake. Mamake Barka aliona sare ya polisi, na uso wake ukafunguka.

"Alhamdulillahi, mwanangu, umekuya. Waambie hawa. Waambie wamekosea ndia, nyumba siyo hii."

Msimamizi wa kazi alikuja akimlaki Ndirangu kwa maneno ya heshima. Alikuwa ameambiwa na inspekta kwamba askari ataletwa. Hakukuwa na shida kubwa, alisema, ila mama huyu ameshaishika ngazi mara mbili na mtu anaweza kuanguka akaumia. Afande angesaidia sana kama angesimama hapa, katikati, baina yake na ngazi.

Mwaka wa 1954, huko Murang'a, askari mmoja alisimama hivyo baina ya nyanya yake Ndirangu na nyumba yake iliyokuwa inawashwa moto. Ndirangu alikuwa mtoto, na kwa miaka yote hiyo alijiuliza yule mtu alikuwa akifikiri nini chini ya kofia yake.

"Mwanangu," mama akasema tena, "waambie."

Furushi la kwanza la makuti lilianguka mchangani. Koplo Ndirangu akasogea, akasimama pale alipoonyeshwa.