Viungo vya Nyuma ya Tangi

Kila siku akitoka shule, hata kabla ya kuvua sare, Pilipili alichukua kitambaa akafuta reli za shaba za treni ndogo ya mjomba wake. Mjomba, fundi umeme, ndiye aliyempa jina hilo kwa sababu ya hasira zake. Treni iliendeshwa na umeme uliopita kwenye reli, kutoka barazani hadi nyuma ya tangi la maji.

Mwezi mmoja mjomba alimpa kazi. "Reli mbili zinapokutana ncha kwa ncha, lehemu kipande cha waya toka hii hadi ile. Mvua ikila kiungo, umeme utapita kwenye waya. Ukimaliza, funika kwa kokoto."

Pilipili alilehemu vizuri mpaka karibu na tangi. Hapo wenzake wakamwita kucheza mpira. Viungo vitatu vilibaki. Akavimwagia kokoto vivyo hivyo. "Tayari, mjomba!" Wakaijaribu treni, ikafika mwisho bila shida. Kisha mvua ikanyesha wiki nzima.

Jumamosi wanafunzi wenzake walikuja. Walitaka kuamua kama treni hiyo ndiyo itakayowakilisha darasa lao kwenye maonyesho ya shule. Pilipili alikuwa amejigamba mpaka sauti ikakauka. Akabonyeza swichi. Treni ikaondoka, ikapita maua, ikafika kwenye tangi, ikazima. Watoto wakacheka.

Damu ikamchemka. Akamgeukia mdogo wake wa miaka minane. "Wewe! Umekanyaga reli!"

"Dada, mimi sijagusa!"

"Mwongo mkubwa! Kila kitu unaharibu wewe!" Akamsukuma, mtoto akaanguka kwenye kokoto, kiwiko kikachubuka.

"Pilipili!" Mjomba alinguruma, naye hakuwa mtu wa kupaza sauti. Akamwinua mtoto, akachukua taa yake ya kupimia yenye nyaya mbili. Akagusisha nyaya kwenye reli kabla ya tangi: taa ikawaka. Akavuka kiungo kimoja, akagusisha tena: giza. Akafukua kokoto kwa kidole. Kiungo kilikuwa kimeshika kutu ya kijani, na waya hakuna.

Akafukua cha pili. Cha tatu. Watoto wote wakaviona.

"Kumbe hasira zote hizi, mwanangu, ulikuwa unamkasirikia nani?"

Hasira za Pilipili zilikuwa hazijaisha, ila sasa alijua anajikasirikia mwenyewe. "Mimi," akasema. "Nilikimbilia mpira. Nikasema tayari, na haikuwa tayari." Akapiga magoti mbele ya mdogo wake. "Nisamehe. Nimekuonea."

"Kiwiko kinauma," mtoto akajibu, bado amenuna.

Pilipili akaosha kidonda kile kwanza. Kisha akasugua viungo kwa msasa, akavilehemu kimoja kimoja, wenzake wakitazama, hakuna aliyecheka tena. Mjomba akapima, taa ikawaka kote.

"Njia ya mwongo ni fupi," mjomba akasema. "Kokoto zilinidanganya mimi, mvua hazikuidanganya. Kazi ifanye vizuri hata pasipoonekana, na ukikosea, usimtafute mdogo wa kumbebesha. Haya, swichi mpe yeye."

Mtoto akabonyeza. Treni ikapita tangi, ikafika mwisho.

Kiongozi wa darasa akawatazama wenzake, wakatikisa vichwa kukubali. "Tunaichukua," akasema. "Lakini bila kokoto."