Mama Fundi Apima Uwanja wa Besiboli

Mama Fundi alikuwa mwashi. Mchana kutwa alijenga kuta za watu, jioni akarudi nyumbani na saruji kwenye kucha. Mumewe alikuwa fundi cherehani. Binti yao alisoma sekondari, na kwa mbio zake kila mtu alimwita Upepo.

Jioni moja Upepo aliingia ameziba mdomo kwa leso. Kola ya sare yake ilikuwa na damu.

"Nani kakupiga?" baba yake aliuliza, akasimamisha cherehani.

"Hakuna, baba. Tulikuwa tunacheza besiboli. Mpira ulikuwa juu, sote tukaukimbilia, tukagongana."

Jino la mbele lilikuwa linacheza. Mama Fundi alichemka.

"Basi mchezo huo mwisho leo!"

"Mama, tafadhali! Mwisho wa mwezi tuna mechi. Na mwalimu mkuu amesema akiumia mtu mwingine, vifaa vyote anavifungia stoo."

Jirani yao, dereva wa lori, alikuwa amefuata suruali yake. Mama huyu aliwahi kucheza besiboli chuoni, miaka mingi iliyopita.

"Vituo mmeviweka umbali gani?" aliuliza.

"Tulikadiria kwa macho, shangazi."

Jirani alimgeukia mama mtu. "Mama Fundi, wewe hujenga nyumba kwa macho?"

"Thubutu! Si itaniangukia?"

"Basi na uwanja ni hivyohivyo."

Akachukua chaki ya kukatia nguo, akachora mraba sakafuni.

"Kona hii inaitwa nyumbani. Mpigaji anasimama hapa na gongo. Akipiga vizuri, anakimbia kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, kisha anarudi nyumbani. Hapo timu yake inapata pointi. Kituo hadi kituo ni mita ishirini na saba na sentimita arobaini na tatu. Mrushaji anasimama huku ndani, mita kumi na nane na sentimita arobaini na nne kutoka nyumbani."

"Na wa kudaka ni wangapi?" aliuliza baba.

"Uwanjani wanakaa tisa, pamoja na mrushaji. Mdakaji anachuchumaa nyuma ya mpigaji. Kila kituo kina mlinzi wake, na mmoja yuko kati ya cha pili na cha tatu. Watatu wako mbali kabisa: kushoto, katikati, kulia. Mpira ukiwa juu, mmoja anaita 'Wangu!' Wengine wanampisha."

Upepo alisahau maumivu. "Kumbe! Sisi tulikuwa tunaurukia kama kuku waliomwagiwa mahindi."

Kesho yake daktari wa meno alilifunga jino kwa waya. Mama Fundi naye alikwenda shuleni na futi kamba, vigingi na chokaa. Kona ya kwanza aliipata kama anavyoipata ya nyumba: mita tatu upande huu, nne upande ule, tano kutoka ncha hii hadi ile. Alipomaliza mraba alipima kutoka kona hadi kona ya mkabala. Mita thelathini na nane na sentimita sabini na tisa. Akapima kona zile nyingine. Hivyohivyo! Baba alishona vituo vya turubai. Jirani aliwafundisha wasichana kila jioni.

Siku ya mechi, mchezaji mmoja wa timu ngeni aliupiga mpira ukabiringika chini. Akatoka mbio. Mlinzi aliuokota, akaurusha kituo cha kwanza. Mama Fundi aliona mguu ukishuka na mpira ukiingia kwenye glovu, pa! Mwamuzi akainua ngumi: mpira ulitangulia, mkimbiaji ametoka.

"Umeona?" Mama Fundi alimshika mumewe mkono. "Kwa unywele! Ningekosea hatua moja tu, huyu angefika."

Mpigaji aliyefuata aliupiga juu sana. Watu wote wakainua nyuso. Mpira ukawa kitone cheupe, kisha ukaanza kushuka. Chini yake wasichana watatu walikuwa wanakuja mbio, na Mama Fundi akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Wangu!" aliita Upepo.

Wawili wakasimama papo hapo. Upepo akarudi hatua tatu, akainua glovu, mpira ukatua ndani yake taratibu kama umetumwa kwake.

Hakuna aliyeumia siku ile, na vifaa havikwenda stoo. Watu walipoondoka, Mama Fundi alibaki amesimama kwenye kona ile iitwayo nyumbani, akiitazama mistari yake ya chokaa inavyokwenda mbali.

"Twende basi, mama," alisema Upepo.

"Ngoja kidogo, mwanangu," alijibu. "Bado natazama."