Vanila ya Mistari ya Chini

"Amka. Maua hayamngojei anayepiga miayo."

Mama hakuwa na desturi ya kuita mara mbili. Mara ya pili alivuta shuka. Binti yake aliketi, akavaa viatu vya mpira, akachukua kijiti chake kilichochongwa kama ncha ya penseli, akatoka huku akiipuliza chai iliyobaki kikombeni.

Shamba la vanila lilianza nyuma tu ya jiko. Mistari ya juu ilikuwa kwenye tambarare, karibu na nyumba. Mistari ya chini iliteremka ghafla hadi kwenye mfereji, na ndiyo iliyokuwa mingi zaidi. Mama aliteleza kwenye mteremko huo maua yakiwa bado vitumba, akavunjika mkono. Sasa mkono wa kulia ulikuwa kwenye plasta hadi kiwikoni, na daktari alimkataza kabisa kuukanyaga mteremko. "Ukiuangukia mkono huu tena," alimwambia, "usije kwangu, nenda kwa seremala."

Basi kazi ya maua ikawa ya binti, peke yake, kila asubuhi kabla ya shule. Ni kazi ya mikono miwili. Ua la vanila huchanua alfajiri, na kufikia adhuhuri limeshaanza kunyauka. Lina asubuhi moja tu katika maisha yake. Unalishika kwa mkono mmoja, unalipasua taratibu kwa kijiti, unainua kifuniko kidogo kilichomo ndani, kisha kwa kidole gumba unaibandika chavua mahali pake. Wenyewe wakulima huiita kazi hiyo kuoza maua, kama mzazi anavyomwoza mwanawe. Ndiyo maana shuleni walimpa jina la Mshenga.

"Mshenga kachelewa tena!" alitangaza jirani yake wa dawati, msichana waliyemwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. "Haya, tuambie leo: maua umeyaoza au yameoza?"

Darasa lilicheka. Siku za mwanzo Mshenga naye alicheka.

Nyumbani vanila haikuwa jambo la kuchekea. Kabla ya shamba hilo, mama alikuwa akifua mashuka ya hospitali katika mji wa mbali. Mshenga aliishi kwa shangazi yake, akilala kwenye godoro jembamba nyuma ya kochi, na mama alimwona kwa msimu, kama maembe. Kisha mama akarudi na akiba yake, akapanda vanila, akaipalilia miaka mitatu bila kuona hata ua moja. Mwaka huu ndio kwanza ilichanua.

"Maganda yakishika, siondoki tena," mama alimwambia. "Yasiposhika, wewe kwa shangazi yako, mimi kwenye mashuka ya watu. Nakwambia mapema usije ukasema hukujua."

Wiki ya kwanza Mshenga aliyaoza maua yote, ya juu na ya chini. Kisha mvua ikaanza. Mteremko uligeuka utelezi mtupu. Kule chini mbu walimsubiri kama wadai, matope yalimvua viatu, na alifika shuleni sketi ikiwa imelowa hadi magotini. Redio hakuacha kumtania.

Asubuhi moja, akiwa amesimama mwisho wa mistari ya juu huku akiuangalia mteremko, alimwona nyuki. Nyuki aliingia ndani ya ua la vanila, akatoka, akaruka kuelekea chini. Mshenga alikumbuka alivyosoma darasa la tano: wadudu husafirisha chavua kutoka ua hadi ua. Basi nyuki si yupo? Nyuki hahitaji viatu vya mpira. Aliosha miguu, akaenda shule mapema.

Jioni mama alimuuliza, "Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Hata chini?"

"Hata chini."

Mama alimkatia kipande kikubwa cha mkate, akampa na yai lililobaki. Alikula vyote. Kesho yake mvua ilinyesha tena. Uongo wa pili ulikuwa mwepesi kuliko wa kwanza, na wa tatu hakuuhisi hata kidogo. Akawa anashughulikia mistari ya juu tu, kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayefagia sebuleni na kuuacha uvundo chumbani. Mama, ambaye angeweza kuona ya juu tu kutoka mlango wa jiko, aliwaambia majirani, "Mikono ya mtoto huyu ni mikono yangu."

Maua yalikuwa yanaelekea ukingoni siku mwalimu wa sayansi alipowaagiza wanafunzi wa darasa la sita waje na ua kila mmoja. Redio alileta ua la mboga ya maboga. Mshenga alileta la vanila, amelifunga kwenye kitambaa chenye maji.

Mwalimu alichora ubaoni, chaki ikimwangukia viatuni. "Petali ni za kuwaita wageni. Hizi nyuzi ni stameni, sehemu ya kiume. Juu yake kuna chavua. Katikati ni pistili, sehemu ya kike: stigma juu, ovari chini. Chavua ikifika kwenye stigma, viyai vilivyomo ndani ya ovari hugeuka mbegu, na ovari yenyewe hugeuka tunda." Aliliinua ua la Redio. "Hili ni la kiume tupu. Mboga ya maboga ina maua ya kiume mbali na ya kike mbali. Hili lisingezaa hata ungelibembeleza."

"Kama kaka yangu kwenye kuosha vyombo," alisema Redio. Hata mwalimu alicheka.

Kisha akamwita Mshenga mbele. Alilishika ua lake, akaonyesha jani lililokuja nalo. "Tazameni mishipa ya jani: imelala sambamba, kama ya mahindi. Mmea huu ni monokotiledoni, mbegu yake haina nusu mbili kama za haragwe. Lakini haumo katika jamii ya mahindi. Umo katika jamii ya okidi. Mimea huainishwa kwa maua yake kuliko kwa sura yake, na ua la okidi ni la ajabu. Kiume na kike vimo ndani ya ua moja, karibu kabisa, na bado havikutani. Mshenga, waonyeshe kwa nini."

Mshenga alilipasua ua kwa kijiti. Vidole vilijua kazi yake. Akakiinua kile kifuniko chembamba kama ulimi wa kinda.

"Mnakiona hicho?" mwalimu aliuliza. "Hiki ni mlango. Chavua iko juu yake, stigma iko chini yake. Vanila asili yake ni nchi za mbali. Ilipoletwa huku, wadudu wanaojua kuufungua mlango huu hawakuletwa. Nyuki wetu anaingia, anatafuta chakula, anatoka, na mlango bado umefungwa."

Kijiti kilitulia mkononi mwa Mshenga. "Hata mmoja hawezi, mwalimu?"

"Labda mmoja abahatishe. Lakini nani analima kwa kubahatisha? Ndiyo maana mnaifanya kwa mkono."

"Na ua ambalo halikufanyiwa?"

"Linaanguka, na ovari yake pamoja. Hapo pa kutoka ganda hapatoki kitu." Mwalimu aliligeukia darasa. "Ninyi mnamtania, lakini shamba zima la mama yake limo kwenye vidole hivi. Makofi!"

Wakampigia makofi. Redio alipiga kwa nguvu kuliko wote, na alipiga kwa moyo. Mshenga alisimama mbele yao, akitamani sakafu ifunguke.

Baada ya masomo hakupita nyumbani. Alizunguka kwa njia ya mfereji, akapanda hadi kwenye mistari ya chini. Aliyajua maua ya juu yalivyo: yaliyoozwa hunyauka lakini hubaki yameng'ang'ania kwenye ncha ya ganda changa, na ganda hurefuka kila siku. Huku chini maganda yalikuwa kwenye mashina ya vichala tu, yale ya wiki ya kwanza, machache. Juu yake vichala vilikuwa uchi, kama vitana vilivyong'olewa meno. Ardhi chini ya mimea ilikuwa imejaa maua ya rangi ya kahawia, laini, yanayonuka. Hakuna aliyeyaoza, basi yalikuwa yameoza.

Aligusa ua la asubuhi ile, ambalo bado lilikuwa na rangi. Likaanguka. Akagusa la pili. Likaanguka. Aliacha kugusa.

Kwenye ncha za vichala vilibaki vitumba vichache, vidogo. Alivitazama, akawaza: kesho nitavianza hivi, na mama hatajua. Atajua wakati wa kuchuma, na kuchuma ni miezi tisa. Katika miezi tisa mtu anaweza kusema ni ugonjwa. Anaweza kusema ni mvua.

Alimkuta mama jikoni akichagua mchele kwa mkono mmoja, sinia ameibana kwa magoti. Alikuwa akiimba, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi, na kwa sababu nzuri: sauti hakuwa nayo.

"Wamenipigia simu wa hospitali," mama alisema. "Wanataka nirudi niwe msimamizi wa chumba cha kufulia. Msimamizi! Sishiki shuka, naelekeza tu. Wanangoja jibu langu leo, maana kuna wengine kumi wanaipigania kazi hiyo. Nataka nimalize mchele huu nikawaambie wampe mwingine. Nikae na vanila yangu na kisirani changu, wewe hapo."

Mshenga alisimama mlangoni na mkoba mgongoni. Alielewa kitu kimoja, na alikielewa chote. Akinyamaza, mama atabaki. Mama atabaki, kazi itachukuliwa na mwingine, na siku ya kuchuma watashuka wote wawili kwenye mistari ya chini na kukuta majani matupu. Akisema, mama ataondoka. Hakukuwa na mlango wa tatu.

"Mama, usiwaambie."

"Kwa nini nisiwaambie?"

"Sikuyaoza. Ya chini. Tangu mvua ianze. Nilikuwa nakudanganya."

Mama aliendelea kuchagua mchele kidogo, kama mkono haujapata habari. Kisha ukasimama. "Yote?"

"Nilifikiri nyuki watafanya."

"Nimekuuliza, yote?"

"Yote ya baada ya wiki ya kwanza."

Mama aliiweka sinia chini. Alitoka, akaenda hadi ukingo wa mteremko, akakaa chini, akashuka kwa makalio kama mtoto mdogo, mkono wa plasta ameuinua juu. Mshenga alimfuata huku akilia. Mama alitembea mstari hadi mstari akigeuza vichala. Hakumpiga, na Mshenga alitamani ampige. Kipigo angalau kina mwisho.

Walipopanda tena, mama alinawa uso, akachukua simu. "Ndiyo," alisema. "Nimekubali. Plasta ikitolewa nitakuja." Akaiweka simu mezani na kukaa akiitazama, kama chombo alichokivunja mwenyewe.

Asubuhi zilizofuata walishuka wote wawili. Mama alikaa kwenye gunia na kuvuta vichala kwa mkono mzima, Mshenga akafanya kazi ya kijiti. Waliyapata maua machache ya mwisho, na machache kati ya hayo yalishika. Hayakuwa ya kutosha kubadili chochote. Mama alihesabu kwa macho maganda ya juu na ya chini, akasema, "Shamba halikufa. Litatulipia chumvi na sabuni. La kutuweka pamoja, halitoshi." Hakulisema kwa hasira. Ilikuwa hesabu tu, na hilo ndilo lililouma.

Siku ya kuondoka, mkono wa mama ulikuwa mwembamba na mweupe-mweupe baada ya plasta kutolewa. Shangazi alikuwa nje akimsubiri Mshenga, ameshaubeba mfuko wa nguo zake. Mama alifunga dirisha la jiko, kisha akamkalisha binti yake kwenye kiti kilichobaki.

"Nisikilize, maana sitarudia. Kuchoka si kosa. Hata mimi mteremko ule ulinishinda, ukanivunja. Ungekuja siku ya kwanza ukasema, 'Mama, chini pamenishinda,' ningeomba mtu, ningemlipa kibarua, ningeshuka kwa makalio kama nilivyoshuka. Kazi isiyofanyika ikisemwa, hupata mtu wa kuifanya. Ikifichwa, haina mtu. Unaweza kunidanganya mimi, nina masikio na nakupenda. Mmea hauna masikio. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mama."

"Na siku ile jikoni ulijua ukisema nitaondoka. Ukasema. Usingesema, tungelala njaa wote wawili. Hilo nimeliona, nalo ninaondoka nalo."

Mshenga alimshika mkono ule mwembamba. "Utarudi lini?"

"Maganda yakiiva, nije nichume."

"Na baada ya hapo utabaki?"

Mama alitazama mlangoni, alikosimama shangazi, kisha akamtazama binti yake usoni. Jibu tamu lilikuwa karibu, na wote wawili walikuwa wanalihitaji.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Nikikwambia najua, nitakuwa nakudanganya."