Laini ya Marehemu Mama

Jumanne ile ilikuwa siku ya kawaida tu pale mtaani Pipeline, Nairobi. Nilikuwa nimeenda kumsaidia wifi yangu Mideva kufua. Saa sita mchana taa ilikuwa inawaka chumbani, maana ploti ya jirani, ghorofa ndefu, imesongamana na yao hadi jua haliingii. Binti yao Tiffany, wa miezi mitano, alikuwa akikohoa kitandani.

Kabla sijaendelea, mjue nina hasira na kaka yangu Zedekiah, nayo haitaisha leo. Mama yetu, Rispa, alifariki mwaka jana. Mtoto alipozaliwa, Mama alimjia Zedekiah ndotoni mara tatu akiomba jina lake. Kwetu Wajaluo, marehemu akiomba jina, hupewa; akinyimwa, mtoto huugua. Zedekiah akasema hayo ni mambo ya kizamani. Lakini laini ya simu ya Mama hakuiona ya kizamani! Aliichukua, akampa mkewe, na habari ya ndoto hakumwambia. Mideva ni Mluhya, angejuaje?

Kikohozi kikageuka mlio kifuani. Mideva akampigia daktari wa video, wale wa kukutibu ukiwa kwako bila foleni. Daktari Qorane akatokea kwenye kioo, mama mpole, akasoma jina lililosajiliwa kwenye laini.

"Mgonjwa ni Rispa?"

Nilikuwa na povu hadi viwikoni. Nilichelewa kufungua mdomo, na hilo najilaumu.

"Eeh, ni Rispa," Mideva akajibu kwa haraka. "Ni mtoto, daktari. Anapumua vibaya."

"Sawa. Nionyeshe kifua nihesabu pumzi."

Mideva akaielekeza simu kitandani. Daktari akaanza kuhesabu, akaachia katikati.

"Mama Rispa," akasema polepole, "ambia huyo nyanya atoe mkono kwa kifua ya mtoto."

Tukatazamana. Chumbani tulikuwa wawili.

"Nyanya gani?" Mideva akanong'ona.

"Huyo ameketi hapo kando yake. Wa leso ya kijani."

Leso ya kijani nilimfunga Mama kwa mikono yangu, siku tuliyomzika.

"Mama," nikanong'ona, "mwachilie."

Mlio ukakoma. Nilidhani amenisikia.

"Mbebeni!" Daktari alikuwa akipiga kelele sasa. "Hospitali! Saa hii!"

Nikamnyakua mtoto. Orofa saba. Ngazi zina giza. Nilikimbia. Mideva nyuma yangu, analia. Tulipofika chini kwenye mwanga, Tiffany hakuwa akipumua.

Baada ya mazishi Zedekiah aliikata ile laini kwa makasi mbele yetu, vipande vinne, akavitupa chooni. Nikamuuliza pale pale, mbele ya wageni, jina moja tu lingemgharimu nini. Kisha nikaenda peke yangu kaburini kwa Mama, nikamfokea pia. Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. Sisi ndio tuliokukosea, nikamwambia. Mtoto alikukosea nini?

Nilikuwa bado nimesimama pale simu yangu ilipolia. Ujumbe, kutoka namba ya Mama.

"Jacklyne, wacha kelele. Rispa amelala. Hakohoi tena."