Lami ya Kilomita ya Saba

Risasi ya kwanza ilipita juu ya kofia yake. Ya pili ikavunja kioo cha pikipiki.

Vaileth hakugeuka kutazama. Alijua ni Land Cruiser nyeupe, alijua ina watu watatu, na alijua wanachotaka ni mkoba uliokuwa mgongoni kwake. Ndani ya mkoba hamkuwa na almasi wala nyaraka za siri. Mlikuwa na vipande viwili vya lami.

Akakata kushoto. Yamaha ikaruka mtaro na kuzama katikati ya mihogo. Akazima injini, akalala kifudifudi, bastola ya Glock mkononi, jasho likimwingia machoni.

Saa nne na nusu asubuhi.

Saa sita, katika ukumbi wa kukodi pale Dunda, hati ya kukamilika kwa barabara ya mashamba ya Kiwangwa ingetiwa saini. Baada ya saini hiyo fedha yote ya serikali ingemfikia mkandarasi Clever, na Clever alikwishakata tiketi ya ndege ya jioni. Masika ya kwanza tu yangeisomba barabara ile. Wakulima, mama yake Vaileth akiwa mmoja wao, wangerudi kutazama mananasi yakiozea shambani, maana serikali haitoi fedha ya barabara ile ile mara mbili.

Kwa miezi mitatu Kitengo cha kuchunguza ufisadi, alichofanyia kazi Vaileth, kilikuwa kikimwinda Clever. Malori yake yalionekana yakipeleka mapipa ya lami Chalinze kuuzwa kwa magendo, lakini kila barabara ilipotobolewa kupimwa, lami ilikutwa nene, safi, ya kiungwana. Kulikuwa na mtu anayevujisha sehemu za kupimwa. Safari hii Vaileth alichagua mwenyewe: kilomita ya saba, penye kalvati. Akamtajia mtu mmoja tu, mkuu wake, Mzee Leodgar. Hakumtajia kwa kumshuku. Alimtajia kwa sababu ndiye mtu pekee ambaye yeye Vaileth hakuweza kumshuku.

Asubuhi hiyo fundi Maulidi aliposimika mashine ya kutobolea lami, Vaileth alijikuta akimwomba Mungu lami iwe mbovu. Ikiwa mbovu, mzee ni msafi.

Kipande kikatoka kinene kama kopo la maziwa.

"Kazi nzuri hii, dada," alisema Maulidi.

"Sogeza mashine hatua ishirini," alisema Vaileth, na sauti yake mwenyewe hakuitambua.

Kipande cha pili kilikuwa chembamba kama chapati. Chini yake, udongo mtupu.

Hata hivyo moyo ulikataa. Ubaya wa jirani mtu huuamini upesi, wa aliyemlea haumwingii. Leodgar alikuwa baba yake wa ubatizo. Ndiye aliyemfundisha kulenga shabaha, na baba yake mzazi alipofariki ndiye aliyekaa msibani hadi arobaini.

Redio ikakoroma.

"Kobe, upo wapi?" Ilikuwa sauti ya Leodgar, akimwita kwa jina lake la redioni.

Akavuta pumzi. "Nimewatoroka, Baba. Napitia Msata, naelekea Chalinze."

"Nimekupata. Nenda salama, mwanangu."

Dakika mbili.

Land Cruiser iliyokuwa ikinyemelea kando ya shamba ikageuza ghafla na kutimua vumbi kuelekea Msata.

Vaileth akauma mkono ili asilie. Akalia hivyo hivyo, kwa uchungu, kama mtoto aliyefungiwa mlango nyumbani kwao. Kisha akajifuta uso na kumpigia simu Ashatu, mwenzake aliyekuwa na askari wa kizuizi Chalinze.

"Land Cruiser nyeupe. Watu watatu. Wana silaha."

"Nawapokea," alijibu Ashatu, akakata simu.

Saa sita kasoro dakika tano, Clever alikuwa ameshashika kalamu. Mzee Leodgar alikaa kiti cha mbele, ametoka kuwahakikishia wajumbe wa kamati ya kupokea barabara kwamba vipimo vyote ni safi. Vaileth akaingia na vumbi lake, akaenda moja kwa moja mbele ya mzee, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba." Mzee aliutazama mkoba mgongoni kwake. "Wewe si upo Chalinze?"

"Nilikuambia wewe tu."

Akaweka vipande viwili mezani na kuwaeleza wajumbe vilikotoka, hatua ishirini kati ya kimoja na kingine. Clever akapeleka mkono ndani ya koti. Vaileth akamtwanga kifundo cha mkono kwa kile kipande kinene, bastola ikaanguka. Angalau lami ile ilifanya kazi moja ya maana. Askari waliokuwa mlangoni wakamtia pingu, na mwenyekiti akaichana hati mbele ya watu.

Leodgar hakukimbia. Alinyoosha mikono, macho mekundu.

"Vaileth, mimi ndiye niliyekushika siku ya ubatizo."

"Najua. Padri aliuliza kama namkataa shetani, ukajibu kwa niaba yangu, maana nilikuwa sijui kusema." Akamfunga pingu mwenyewe, taratibu, zisimbane. "Leo jibu kwa niaba yako."

Hakusubiri jibu. Akatoka nje juani, akavaa kofia, akawasha Yamaha na kushika njia ya Kiwangwa. Alitaka mama yake asikie kutoka kwake, kabla hajasikia kwa watu.