Ufa Chini ya Maji

Kila Jumamosi asubuhi, kabla boti haijaondoka gatini, Sisimizi alikuwa na kazi yake. Alihesabu majaketi ya kuokolea maisha, akavuta kamba zake moja moja, kisha akamwambia mjomba wake, "Tayari, nahodha." Msichana huyu wa miaka kumi na miwili alipewa jina hilo kwa sababu alikuwa mdogo wa umbo na hakujua kutulia.

Mjomba wake alikuwa fundi saa. Watu walimwita Dakika, kwa utani, maana hakuwahi kufika popote kwa wakati. Wiki nzima aliinamia saa za watu. Jumamosi alitembea ziwani na boti yake ndogo, kwa raha zake tu.

Siku moja walikuwa wakirudi, injini ikaanza kukohoa. Dakika akamwachia mpwa wake usukani, akaenda nyuma kuitazama. Sisimizi akajiona mkubwa. Akaona wenzake wa shule wameketi ukingoni, akainua mkono kuwapungia. Boti ikaenda upande, ikagonga ubavu wa boti ya buluu iliyofungwa karibu na gati.

"Nini hicho?" mjomba aliuliza, kichwa bado kikiwa kwenye injini.

"Gogo," alijibu Sisimizi. Neno lilimtoka kabla hajalifikiria.

Dakika alipoinuka, walikuwa wameshapita. Wakafunga boti, wakaketi kunywa chai. Hapo akatokea Bibi Sindano, muuguzi mstaafu aliyeogopwa na watoto wote wa mtaa, akiwa na wajukuu zake wawili. Aliwavalisha majaketi, akawapandisha kwenye boti ya buluu. Wale watoto walikuwa wakigombania nani akae mbele.

Sisimizi alijiambia kwamba ubao haukuumia. Kisha akajiuliza, na kama umeumia?

"Mjomba," alisema, "halikuwa gogo. Niligonga boti ya Bibi Sindano."

Dakika aliweka kikombe chini na kutimua mbio, na waliokuwa gatini wakageuka, kwani hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Alimsimamisha Bibi Sindano akiwa anafungua kamba. Watoto wakashushwa. Dakika akavua viatu, akaingia majini hadi kiunoni, akapapasa ubavu wa boti. Vidole vyake vikakuta ufa wa urefu wa kiganja, chini kabisa ya usawa wa maji. Walipoinua mbao za sakafu, maji yalikuwa yameshaanza kujaa.

Sisimizi aliomba radhi huku akitazama chini. Bibi Sindano akafungua kinywa, lakini Dakika akamtangulia.

"Kusema uongo ni kosa lake, na amelikiri. Kugonga ni kosa langu. Leseni ina jina langu, nami ndiye niliyempa mtoto usukani."

Walikwenda pamoja ofisi ya gati kutoa taarifa. Ofisa alimkaripia Dakika kama mwanafunzi aliyechelewa, akaizuia leseni yake kwa miezi miwili. Dakika akaitikia, "Ndiyo, mzee," kila mara, ingawa ofisa alikuwa mdogo kwake kwa miaka mingi. Sisimizi alibana midomo asicheke.

Jumamosi tatu zilizofuata, mjomba na mpwa walifanya kazi kwenye karakana ya fundi boti. Fundi alibadilisha ubao, wao wakapiga msasa na rangi. Bibi Sindano aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akionyesha kwa fimbo kila mahali palipobaki na mkwaruzo.

Boti ilipokaguliwa na kuruhusiwa, Bibi Sindano aliwapakia Dakika na Sisimizi pamoja na wajukuu zake. Walipofika maji matulivu, alimsogelea Sisimizi.

"Sikuwa nimekuona ukigonga, mjukuu wangu. Ungeweza kunyamaza. Usipoziba ufa wa nyumba utajenga ukuta, lakini ufa wa boti hauna ukuta wa kujenga. Mwenye chombo akigonga husimama, husema, na hutengeneza. Sheria inataka hivyo, na hata isingetaka, tazama pale mbele."

Sisimizi akatazama. Wajukuu wawili walikuwa wamebanana kwenye kiti kimoja, bado wanagombana nani alitangulia kukaa.